Taa Yenye Kupiga Magoti

Kama ulifika Nchelenge na haukukaa ku benchi ya Mama Germaine, usiseme ulifika, sema ulipita. Benchi yenyewe ni mbao mbili za mutumbwi ya zamani, imelazwa juu ya matofali, pale barabara inashuka ku bandari. Mbele yake kuko mbabula ya makala, na juu ya mbabula birika ya kahawa, kwetu ni kawa, yenye tangawizi mingi mupaka machozi inatoka mbele usingizi itoke. Mama Germaine alivuka toka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, sasa miaka kumi na moya. Sababu yee anasema Swahili, sisi wote pa benchi tunasema Swahili, hata sisi ba Bemba. Ukiagiza kawa na Kibemba atakutilia, lakini kikombe haitajaa. Ilikuwa muezi wa pili, ziwa ingali imefungwa ili samaki izale, na wavuvi yote balikuwa inje ya maji, na nafasi ya kusema.

Miye ni Chibwe, lakini pale banajua paka Docta tu. Jina ile nilijipatia miye mwenyewe, juu hakuna mutu mungine alikuwa na haraka ya kunipatia. Masomo niliachia ku grade seven. Haina kama nilishindwa. Niliona inatosha.

Ile asubuhi tulikuwa bane. Kulikuwa Royd, tunamuita Volti, mwenye kuchaji telefone na kutengeneza taa za sola. Mambo yote ya dunia, yee anaitafutia kontakti. Kulikuwa Camille, tunamuita Facture, sawa karatasi ya bei, muchuuzi ya Pweto anavuka na chumvi na sabuni. Alisimamishwa ku douane, pale banalipisha kodi ya mupaka, mara mingi mupaka anaona douane hata mu ndoto. Na kulikuwa ba Kaoma, ba ya heshima, tunamuita Kapitene, miaka makumi tatu na tano mu ziwa, mwenye kuvua chisense, bile bisamaki bidogo sawa kidole byenye kufuata taa usiku. Ba Kaoma anasema kidogo. Miye ananipenda, mais hajakubali hata siku moya nipande mutumbwi yake. Anasema nikifungua mudomo samaki yote inahamia Congo.

Sasa mambo ya siku ile. Mwila, mutoto mwanamuke ya Febby, dada ya ba Kaoma, alisoma fizike kule Kitwe, akamaliza, akarudi kukaa kwetu miaka mbili bila kazi ya fizike. Wiki yenye ilipita, barua ilifika mu telefone yake: aende Afrika ya Kusini miaka mbili, bamufundishe kusikiliza nyota zenye zilishakufa. Jibu ilipashwa kutumwa leo mbele ya saa sita ya muchana. Barua haikuuliza ruhusa ya mutu. Lakini kwetu mutoto ni ya upande ya mama, na yama, ndugu ya mama, njo anamubariki akienda mbali. Mama Febby alisema bila ile baraka huyu mutoto hata Mansa hatafika. Na yama, njo ba Kaoma, alijibu neno moya tu: Mwila akuje pa benchi saa ine, aeleze kazi yenyewe ni nini. Akisikia maana yake, atamubariki. Asiposikia, mutoto abakie.

Ilipofika saa tatu, sisi tulikuwa tumeisha kumuelezea kila kitu, na Mwila hajafika.

Volti njo alianza. Alisema aliona mu telefone: kuko nyota zenye kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, bila kuchoka. Ile, kwa mutu wa kazi, haina siri. Ni kontakti. Waya imelegea. Bazungu banatafuta fundi na bana haya ya kusema.

— Basi wakuite weye, nikamwambia. Weye ulitengeneza radio ya kanisa, mupaka leo inashika paka stasyo moya, na ile stasyo ni ya kukoroma.

— Ile radio iko na umri.

— Na nyota iko na umri gani? Ilizaliwa juzi?

Facture aliweka kikombe chini. Yee alisema sisi wote tunapotea. Taa yenye kuwaka na kuzimika pahali pamoya, kila siku, ni barriere. Kule juu kuko mipaka sawa huku chini, na kitu inapita, na mwenye barriere anaita: simama, onyesha karatasi. Bale wenye kusoma nyota bameisha kujua, ndio maana banatafuta batoto wenye akili, bajifunze kujaza zile karatasi mbele ya batu yote. Alisema na sura ya mutu mwenye kuwa tayari na karatasi mu mufuko.

Bon, sikuweza kubakia nyuma. Nikasema miye niliona moya na macho yangu, upande ya Puta, ilianguka mu ziwa muchana kweupe, ikapiga maji mara kumi na mbili mbele ya kuzama, na viboko byote bikatoka kuenda kulala mu shule. Nikasema ile ilikuwa mulingoti ya rezo ya telefone, bazungu baliituma juu ikasahau njia, na mupaka leo inaita nyumbani. Kwa hiyo Mwila ataenda kule kupokea simu.

Mama Germaine aliniuliza viboko bililala mu darasa gani. Nikasema grade eight. Akasema ah, kumbe darasa ile haujafika, ginsi gani ulibiona.

Balicheka. Ba Kaoma tu hakucheka. Alipoanza kusema tulimusikiliza, juu mutu mwenye kusema kidogo ukimukata hatarudilia.

— Miaka makumi tatu na tano, taa yenye kupepesa ni taa ya kuharibika. Chisense haikuje ku taa ya vile. Inakimbia. Sasa munaniambia mutoto ya Febby aende mbali miaka mbili, kuchunga taa ya kuharibika.

Hata Volti aliacha mambo ya waya. Mwila ni mutu muzuri, na nusu ya ile mashaka mu kichwa ya Kapitene ni sisi tuliitia.

Saa ine kamili Mwila alishuka barabara. Alivaa kitenge na viatu vya kufunga, telefone mu mukono, na karatasi moya: alichapisha ile barua ili yama aione na macho. Alipiga magoti kidogo, akapiga makofi ya kusalimia Kapitene sawa inavyofaa, akatusalimia na sisi. Mwanamuke moya alikuwa ameisha kukaa ku ncha ya benchi, na gunia ya maharagi ku miguu yake, anangoja gari. Alisema anaitwa Mimi, alitoka Mantapala, kule kambi ya wakimbizi. Tulimuachia nafasi, Germaine akamutilia kawa, kikombe ya kujaa, juu Swahili yake ilikuwa ya nyumbani.

Mwila hakutafuta maneno makubwa. Aliomba Germaine ruhusa, akaangaria mu mbabula.

— Yama, unaona hii kaa, imeisha kuungua, hakuna kuni tena ndani, lakini ukiishika inakuchoma. Nyota mingi inamaliza vile. Haiungui tena, iko na joto tu, inapoa polepole sana. Iko kidogo sawa dunia yetu, lakini uzito yake ni karibu ya jua. Tunaiita kibete cheupe. Jua letu pia siku moya itakuwa vile.

Facture aliuliza siku gani. Mwila akasema asiogope, hata mujukuu ya mujukuu yake atauza sabuni yote iishe. Facture akatulia.

— Nyota zingine ni kubwa kupita, akaendelea. Zile zikiishiwa moto, tumbo yao inaanguka ndani. Inakazika mupaka kitu kizito kupita jua inaingia mu mupira yenye, ukiiweka hapa Nchelenge, haifiki Mantapala.

Mimi wa Mantapala aliangaria barabara sawa mutu anapima. Alisema na gari hata saa moya haiishe. Mwila akasema njo hivyo. Akachukua kijiko ya sukari, akasema kijiko moya ya ile nyota inapita uzito ya kilima. Volti akauliza nani alipima. Mwila akacheka, akasema hakuna mutu alipanda na mizani. Wanajua juu ya vile nyota ingine zinavutwa.

Halafu akaeleza ile ya kupepesa. Nyota ile inazunguka, zingine mara mia mu sekonde moya, na iko na mwanga ya radio yenye kutoka sawa mwanga ya tochi. Kila mara ile tochi inapita kwetu, tunapata kipigo moya. Haizimiki. Inageuka. Na hatuiangalii na macho: inasikika na sahani ya kushika radio, kubwa kupita nyumba, muchana, usiku, hata mawingu ikiwa. Mutu wa kwanza kuona zile alama ku karatasi yenye mashini iliandika alikuwa musichana mwanafunzi, na wakubwa yake balizania ni makelele ya mashini za batu. Hata baliwaza kidogo, nusu na kicheko, labda ni batu ya kule juu banaita. Facture akanigonga na kiwiko: unaona. Alikaa wima mupaka mwisho ya kawa.

Mais ba Kaoma alikuwa angali na uso ile ya asubuhi. Akauliza:

— Kama inageuka vizuri, haipotee, haichelewe, mutu anangojea nini pale miaka mbili?

Mwila alijua swali hii njo mulango.

— Tunahesabu, yama. Kila nyota iko na hesabu yake, ukiisikia unajua ni ile, haina ingine. Na tunangoja pale hesabu inaharibika.

Kapitene aliinua kichwa.

Juu ile mambo ya hesabu, kwetu haina mambo ya masomo. Mitumbwi ya chisense ikirudi mbele ya mapambazuko, kila moya inafunika taa yake na beseni, inafunua, inafunika. Kila mwenye mutumbwi iko na hesabu yake. Ya ba Kaoma ni tatu, anapumuzika, tatu. Kule pembeni ya maji mutu ya nyumba yake anahesabu, na akiona ni yee, anamujibu na tochi pale matete imefunguka, ili apate njia ya kuingia. Hesabu ikikuja vibaya, mutu wa pembeni anajua kuko matata, anaita wanaume mbele ya mutumbwi kufika. Kwa ba Kaoma, zamani Febby njo alihesabu. Sasa macho ya Febby imefifia, miaka mbili hii ni Mwila. Na macho ya Kapitene mwenyewe haina tena ya kijana. Bila ile tochi, matete itamuzungusha mupaka jua itoke.

— Inaharibika ginsi gani? akauliza.

Mwila aligonga ubao ya benchi na kidole. Gonga, gonga, gonga, sawasawa. Halafu akagonga tena, na safari hii bipigo bilikaribiana kidogo, halafu bikaachana kidogo, halafu bikakaribiana tena.

— Kuko moya yenye kufanya hivi. Inawahi, inachelewa, inawahi, inachelewa, na zamu yenyewe haibadilike. Nyota ni nzima, haina kasoro. Sasa ni juu ya nini...

— Usiniambie, ba Kaoma akasema.

Akaweka kikombe pa matofali. Akafunga macho. Volti alitaka kusema kontakti, nikamukanyaga mguu. Germaine alishika birika mu hewa bila kutia. Gari moya ya Kashikishi ilisimama, konda akaita, na yule mama wa Mantapala akamupungia mukono aende.

Kapitene alifungua macho.

— Inavuta ingine, akasema. Ile ingine taa yake imezimika.

Mwila alibakia na kidole juu ya ubao. Nilizania yama amekosa. Halafu nikaona macho yake.

— Ni vile, yama. Ni kibete cheupe, ile kaa. Sahani yetu haiisikie hata kidogo. Zinazungukana, mara hii ya kupiga iko karibu yetu, mara iko mbali. Tunajua kama ile ingine iko, juu ya vile hii inatembea tu. Nani alikufundisha?

— Mama yako.

Na pale njo alitoboa kitu miye sijasikia, na nimekaa ku ile benchi zaidi ya Germaine. Mwaka Mwila alikuwa angali mu mugongo ya mama yake, Davison, baba yake, alienda kuvua peke yake upande ya kisiwa cha Chisenga. Malaria ikamushika mu maji. Taa yake ikaishiwa mafuta. Kapitene alimukuta analala mu mutumbwi, anatetemeka, akafunga kamba, akamuvuta mupaka nyumbani. Kila mara kamba ilikazika, mutumbwi ya mbele ilizama pua, na taa ikapiga magoti. Kamba ikilegea, taa inasimama. Hesabu ilikuwa tatu, sawa siku zote, lakini katikati taa ilikuwa inapiga magoti.

— Febby alikuwa pembeni na weye mu mugongo. Nilipofika alikuwa ameisha kuita wanaume bane na mulango ya nyumba, wameing'oa, ya kumubebea. Nikamuuliza nani alikuambia kama niko na mutu nyuma. Akasema taa yako. Mutumbwi ya Davison hakuna mutu aliiona, giza ilikuwa giza.

Akanywa kidogo.

— Na hata Davison alikuwa na joto, sawa kaa yako. Malaria yote.

Mwila alicheka na machozi pamoya. Facture alijifuta pua na kifaktire ya sabuni. Miye? Miye ilikuwa tangawizi.

Bon. Kapitene akasimama. Baraka ya kwetu, kama haujui, mukubwa anakutemea mate kidogo ku kipaji ya uso, mate bembamba sawa ukungu, na maneno yake. Alimuita Mwila karibu. Alisema aende, afike, ahesabu vizuri sawa mama yake, na pale ataona taa inapiga magoti aite batu. Halafu pfff. Kasoro moya tu, mudomo ilikuwa ingali na kawa. Uso ya Mwila ilipata alama, na barua mu mukono yake ilipata alama kubwa ya tangawizi juu ya jina yake. Germaine akasema hiyo njo tampon, muhuri yenyewe. Facture aliipima na macho, akasema hata ku douane itapita.

Ilikuwa saa tano na nusu. Mwila alipiga magoti, akapiga makofi ya kushukuru, akafungua telefone ili apande ku kilima, kule rezo ni muzuri, atume jibu. Alikuwa ameisha kugeuka pale yule mama wa Mantapala, mwenye hajasema hata maneno makumi mbili toka afike, alifunga gunia yake na akauliza tu, bila ubaya, sawa mutu anauliza bei ya nyanya:

— Sasa Kapitene, muezi wa tatu ziwa ikifunguka, nani atakuwa pembeni anahesabu taa yako?

Mwila alisimama.

Tuliangariana. Febby hapana, macho. Volti anaishi Kashikishi, na taa anazijua paka zikiwa zimekufa. Facture wiki hii iko huku, wiki ile iko ng'ambo. Germaine anawasha mbabula ile saa ile. Kapitene mwenyewe aliangaria ziwa sawa hajasikia, na pale nilijua ile swali yee alikuwa nayo toka wiki yenye ilipita, na ile ya nyota ilikuwa njia ya kuifichia. Hata hivyo alikuwa amemubariki.

Germaine alitaka kutia kawa ili mudomo ipate kazi. Akainamisha birika. Matone mbili, basi.

Nilifungua mudomo, sawa kawaida yangu. Batu yote baliniangaria, bakangoja uongo mungine ya viboko. Nikaifunga.

Ba Kaoma alimupungia Mwila mukono: panda, saa inaenda. Akapanda, polepole, anageuka-geuka. Halafu Kapitene akakaa karibu yangu, karibu kupita siku zote. Akachukua kikombe yake tupu, akagonga ubao ya mutumbwi ya zamani. Tatu. Akapumuzika. Tatu.

— Ngapi?

— Tatu, nikasema.

— Rudilia.

Akagonga tena. Nilihesabu bila kusema, bila kuangaria mutu, na Volti alianza kucheka, Germaine akamutazama, akaacha. Tatu. Tatu. Tatu. Kule juu, viatu vya Mwila vilikuwa karibu kufika kwenye rezo. Tatu. Tatu.

— Hapa, nikasema. Ya pili imechelewa.

Kapitene aliangaria ziwa, akashika kikombe vizuri, akagonga tena.